Waipa iliyosimama katikati ya kioo

Mvua ya masika haina simile na mtu. Jioni moja ya mwezi wa Aprili ilinikuta katika Barabara ya General Waruinge nikirejea nyumbani Pumwani, ndani ya gari langu kuukuu ambalo vijana wa mtaani wamelipachika majina ambayo mhariri hataniruhusu kuyaandika hapa. Waipa zilikuwa zikifanya kazi yake kwa uvivu, zikienda na kurudi kama mzee anayefagia ua. Ghafla zikasimama. Hazikusimama chini, mahali pake pa kulala, bali katikati ya kioo, mbele ya macho yangu hasa, na maji yakateremka juu ya kioo kama pazia.

Nilikanyaga breki bila kujua ninamkimbia nani. Gari lilipotulia nilishusha dirisha, nikatoa kichwa nje. Hatua tatu mbele ya bampa alikuwa amesimama mtoto wa shule, sare imemganda mwilini, mkoba ameuweka kichwani kuwa mwavuli. Alinitazama, nami nikamtazama. Kisha akavuka, akaenda zake kwa mwendo wa kawaida, wala hakujua kwamba nilikuwa sijamwona kabisa.

Usiku ule sikupata usingizi. Msomaji mpenzi, mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka mingi nimechora mota ya umeme ubaoni: sumaku huku na huku, koili katikati, mishale ya mkondo na mishale ya nguvu. Wanafunzi wangu hunyoosha vidole vitatu vya mkono wa kushoto kama watu wanaokula kiapo, na katika mtihani wao hupata alama zao. Hata hivyo, kama mtoto yule angerudi kuniuliza ni kwa nini waipa zangu zilikufa pale zilipokufa, na si penginepo, ningebaki kumkodolea macho.

Asubuhi nililipeleka gari kwa fundi wa umeme wa magari. Mtu wa Majengo hana haja ya kwenda mbali kutafuta fundi. Mtaa wetu huu, ambao ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na ambao wazee walitufasiria jina lake kuwa ni mahali pa kupumua, umezungukwa na nyundo pande zote. Ukishuka utaipata Gikomba, na ukiendelea utafika Kamukunji, kwenye wale mafundi wa jua kali ambao Rais Moi aliwatembelea mwaka 1985 na kuwaahidi vibanda vya kujikinga na jua. Mlio wa mabati yao huingia hadi madarasani kwetu. Nakiri kwamba siku nyingi nimefunga dirisha ili nisiusikie, nipate kufundisha.

Fundi niliyeelekezwa kwake alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mikono imejaa grisi. Aliponiona aliusimamisha wimbo uliokuwa ukitoka katika simu yake, akafuta mkono kwa kitambaa, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nilipomtazama vizuri nilimkumbuka. Alikuwa akiketi dawati la nyuma, karibu na lile dirisha. Katika fizikia alipata D.

Hakufungua boneti mara moja. Kwanza alitaka kujua habari za mgonjwa. "Zilikuwa zinakwenda polepole kabla ya kusimama?" Nikamwambia ndiyo, tangu mvua za mwaka jana. "Zilisimama juu au zilirudi chini?" Zilisimama juu. Akatikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuujua ugonjwa. "Basi mota yako ni nzima, Mwalimu. Umeme haumfikii."

Nilipomuuliza amejuaje, alitoa chini ya meza mota ya waipa iliyokufa, akaifungua mbele yangu kama mtu anayemenya chungwa.

Ndani yake kulikuwa na kila kitu nilichowahi kukichora, ila sasa kilikuwa na uzito na harufu. Pembeni kulikuwa na sumaku mbili zilizopinda. Katikati palikuwa na koili za waya wa shaba, na mwishoni mwa mhimili ile bangili ya shaba iliyokatwa vipande vipande ambayo vitabu huiita komyuteta. Juu ya bangili hiyo hukaa brashi za kaboni zinazopeleka umeme katika koili. Mimi huchora brashi mbili. Hapa zilikuwa tatu.

"Hii ya tatu ni ya nini?" nikauliza. Kwa hakika nilijiuliza kwanza mimi mwenyewe, nikakosa jibu.

"Hiyo ni ya mbio," akasema. "Ukiweka swichi ya polepole, umeme unapita hizi mbili zinazotazamana. Ukiweka ya haraka, unapitia hii iliyokaa upande. Njia inakuwa fupi."

Njia inakuwa fupi! Nilisimama pale nikiyapima maneno yale. Koili inapozunguka ndani ya sumaku huzaa volti zake yenyewe, zinazopingana na volti za betri. Hizo ndizo volti pinzani, na mota huongeza mwendo mpaka volti hizo zikaribie zile za betri. Brashi ya tatu, kwa kuwa haikukaa mkabala na mwenzake, huacha baadhi ya nyaya nje ya kazi. Nyaya zinazozaa upinzani zikipungua, mota hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ifikishe kiasi kile kile cha volti. Hiyo ndiyo siri ya kasi mbili kutoka katika mota moja. Sheria za usalama wa magari za Marekani, kwa mfano, zinataka kasi ya juu ifikie angalau mizunguko 45 kwa dakika, na izidi ile ya chini kwa mizunguko isiyopungua 15. Kijana yule hakuwahi kusikia habari za volti pinzani, au alizisikia kwangu akazisahau. Hata hivyo matokeo yake aliyajua kuliko mimi.

Lakini jambo lililoniteka zaidi lilikuwa jingine. Mota huzunguka upande mmoja tu, kwa kasi kubwa. Mhimili wake una meno yaliyozungushwa kama ya parafujo, nayo husukuma gurudumu la gia na kupunguza mwendo huku nguvu ikiongezeka. Gurudumu hilo hubeba mkono wa kombo, na vyuma vinavyounganishwa nao ndivyo vinavyogeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Hayo yote ni ya kawaida. Sasa fikiri, ewe mwanafunzi: dereva huzima waipa wakati wowote apendao, zikiwa juu, katikati au pembeni. Mbona hazisimami pale pale kama taa inavyozimika? Mbona hushuka kwanza, zikalala, ndipo zikatulia? Ni nani anayezirudisha nyumbani?

Fundi aligeuza gurudumu la gia akanionyesha upande wake wa ndani. Palikuwa na kisahani cha shaba kilichobanwa juu yake, na vidole vitatu vya chuma chembamba vikikisugua. Kisahani hicho kilikuwa na pengo mahali pamoja. Ukizima swichi iliyo chini ya usukani, hujakata umeme. Umeibadilisha njia yake tu. Sasa umeme huijia mota kupitia kisahani kile, na maadamu vidole vinagusa shaba, mota huendelea kuzunguka bila ridhaa yako. Pengo likifika chini ya kidole, ambapo ndipo waipa zimefika chini ya kioo, umeme hukatika.

Tena haukatiki tu. Kitu kizito kinachozunguka hakisimami kwa kukatiwa umeme. Kingepita pengo lile na kuanza safari upya. Kwa hiyo wakati uo huo kisahani huiunganisha mota na bodi ya gari, ncha zake mbili zikawa zimeshikana. Mota ambayo ingali inazunguka hugeuka kuwa jenereta, ikazalisha mkondo, na mkondo huo huvuta kinyume cha mwendo ulioizaa. Inajifunga breki yenyewe. Hii ndiyo ile kanuni ya Lenz ambayo wanafunzi wangu huikariri kwa Kiingereza pasipo kuiona mahali popote duniani.

"Sisi tunasema inajishika," akasema fundi.

Kwa hiyo alikuwa amejua tangu mwanzo. Kama ingekuwa swichi tu imeharibika, umeme wa kisahani ungezirudisha waipa chini. Kufa katikati ya kioo kulimaanisha kwamba njia zote mbili zilikosa umeme kwa pamoja, na uvivu wa mwaka mzima ulimwonyesha kwamba kasoro ilikuwa ikikua pole pole. Alichukua taa yake ya kupimia, akafuata waya mweusi hadi pale unapofungwa kwenye bodi ya gari. Bolti ilikuwa imeliwa na kutu. Aliigusa kwa kidole, ikamong'onyoka.

Walimu wenzangu, hesabu hii ni ya kidato cha tatu. Tuseme mota inatumia mkondo wa ampea 4, na kutu ile ina ukinzani wa omu 1. Volti 4 zinapotelea kwenye kutu, na mota inabakiwa na 8 badala ya 12. Hakuna kilichokatika, hakuna fyuzi iliyoungua, na mwenye gari husema waipa zimezeeka. Nimewahi kutunga maswali mangapi ya namna hiyo, yenye betri isiyo na jina na ukinzani usio na mahali? Laiti ningeandika "kutu" pale nilipoandika "R"!

Msomaji asidhani kwamba nimekuja kumvisha fundi joho na kumvua mwalimu. Kijana alipofungua kisanduku cha fyuzi ili kumaliza kazi, nilichungulia nami. Mahali pa fyuzi ya waipa pamewekwa kipande cha waya mnene, kimekunjwa vizuri kabisa. Kiliwekwa na fundi mwingine siku nyingi zilizopita. Kumbe nami nilimlipa. Nilimwonyesha, naye hakushtuka. "Fyuzi zinasumbua, Mwalimu. Zinaungua ovyo. Waya hausumbui."

Hapo ikawa zamu yangu. Niliokota chaki iliyokuwa mfukoni (mwalimu hakosi) nikaandika juu ya bati la meza yake. Tuseme koili za mota zina ukinzani wa nusu omu. Mota ikizunguka na kutumia ampea 4, volti 2 tu ndizo zinazotumika kusukuma mkondo ndani ya waya, na zile 10 zilizosalia zinapambana na volti pinzani. Joto linalozaliwa katika koili ni wati 8, joto la kitu vuguvugu. Sasa tope likwamishe waipa, au vyuma vyake vishikane kwa kutu. Mota imesimama, na mota iliyosimama haina volti pinzani hata moja. Volti zote 12 zinaangukia nusu omu: ampea 24. Joto linakuwa wati 288, mara 36 ya lile la kwanza, na mkondo ule unapita ndani ya nyaya zilizofichwa nyuma ya dashibodi. Fyuzi ya ampea 15 ingekufa ili nyaya zipone. Kipande kile cha waya hakifi.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniambia juu ya matatu moja aliyowahi kuletewa, nyaya zake zimeyeyuka zikawa donge moja nyuma ya dashibodi, na hadi siku ile hakuwa ameelewa ni kwa nini, kwa sababu "hakuna kitu kilichogusana." Alizibua sanduku la bati, akatafuta fyuzi ya kweli, akaitia mahali pake. Waya ule mnene alinikabidhi. Ninao mezani ninapoandika.

Kabla sijaondoka aliuvuta mkono wa swichi ili ajaribu maji ya kuoshea kioo. Pampu ililia kwa sauti kavu, wala hakuna tone lililotoka. Alinigombeza kwa adabu. Pampu hiyo ni mota ndogo iliyokaa chini ya tangi la plastiki, na maji inayoyasukuma ndiyo pia yanayoilainisha na kuipoza. Ikizungushwa kavu mara nyingi huungua. Ukiivuta swichi, mkondo huenda kwa pampu, na katika magari mengi rilei huziamsha waipa nazo zipanguse mara mbili tatu. Huku kwetu Eastlands jambo hili si anasa. Tangu Januari hadi Machi kioo hukusanya vumbi la barabara na mafuta ya moshi wa malori, na matone ya kwanza ya mvua hayaoshi kitu bali huyakoroga yote kuwa uji. Waipa ikipita juu ya uji huo bila maji ya pampu, humwacha dereva kipofu zaidi kuliko alivyokuwa. Watu hulala njaa ili wanunue petroli. Tangi la maji ya bomba huwashinda. Nami nilikuwa miongoni mwao.

Jambo moja gari langu halikuwa nalo, na fundi alinicheka kwa ajili yake: ule mpangilio wa waipa kupiga mara moja, zikapumzika, zikapiga tena, unaofaa manyunyu. Historia yake ningependa kila mwanafunzi aijue. Waipa ya kwanza kupata hataza nchini Marekani iliyofanya kazi vizuri ilikuwa ya mwanamke, Mary Anderson wa Alabama, mwaka 1903, nayo ilizungushwa kwa mkono kutoka ndani. Ile ya kupumzika ilibuniwa na Robert Kearns, mhandisi aliyefundisha chuo kikuu mjini Detroit. Jicho lake moja liliumizwa na kizibo cha chupa ya shampeni usiku wa harusi yake mwaka 1953, na inasemekana kupepesa kwa jicho ndiko kulikompa wazo. Alitumia vitu ambavyo kila duka la redio lilikuwa navyo: kapasita inayojaa umeme pole pole kupitia kizuizi, na transista inayofunguka kapasita ikijaa. Aliomba hataza mwaka 1964. Makampuni makubwa yalipoanza kuuza waipa za namna hiyo bila kumlipa, yakadai kwamba hakuna jipya, maana vipande vyote vilijulikana zamani. Yeye alishtaki, akapigana kwa miaka mingi, na mwaka 1990 Ford ikakubali kumlipa dola milioni 10.2. Vipande vilijulikana, naam. Ila hakuna aliyekuwa amevipanga hivyo.

Narudi shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, mwaka ule ule wa ahadi ya vibanda Kamukunji, tuliambiwa kwamba mkono na kichwa vitafundishwa pamoja. Masomo ya umeme na ufundi wa mitambo yaliingia katika mtihani. Shule nyingi ziliyafundisha kwa picha, kwa kuwa vifaa havikuja, na baadaye masomo mengi ya namna hiyo yakapunguzwa. Tangu mwaka 2017 tunao mtaala wa umilisi, nao unasema yale yale kwa maneno mapya. Walimu wataniambia kwamba hawana maabara. Nami nauliza: kutoka lango la shule yetu hadi lile rundo la mota zilizokufa ni hatua ngapi? Mimi nimezihesabu. Hazifiki elfu moja.

Wapo watakaosema mtihani hauulizi habari za waipa. Ni kweli. Unauliza habari za mota, brashi, ukinzani, rilei, kanuni ya Lenz, na uhifadhi wa nishati, na haya yote yamo ndani ya chombo kimoja kinachotosha katika kiganja. Wapo pia watakaosema kwamba fundi hajui Kiingereza cha kitabu. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Yule kijana alinieleza breki ya umeme kwa maneno mawili ya Kiswahili, nikaielewa. Mimi nilimweleza kwa sentensi kumi za Kiingereza akiwa dawati la nyuma, akapata D. Sisemi kwamba D ile ilikuwa yangu. Wala siwezi kusema kwa hakika kwamba haikuwa yangu.

Nilinunua mota ile iliyofunguliwa kwa bei ya chuma chakavu, tena nilipunguziwa. Wiki iliyofuata niliiweka juu ya meza darasani bila kusema neno, nikawaacha kidato cha tatu waigeuze. Dakika tano za mwanzo walicheza. Kisha msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, aliuliza kwa nini kisahani cha shaba kimekatwa mahali pamoja, kama kimeharibika au kimefanywa makusudi. Kipindi kilikwisha tukiwa bado juu ya swali hilo, na wa somo la historia alisimama mlangoni akingoja.

Nimemwandikia mwalimu mkuu barua nikiomba fundi aje kufundisha pamoja nami saa mbili kwa muhula, na alipwe kwa siku anazoacha kazi yake. Bado sijajibiwa. Fundi naye amekubali kwa sharti moja: kwamba nimpelekee daftari la zamani la kidato cha tatu, zile kurasa za umeme, maana lake alilifungia mandazi.